Jibu Nililomwahidi Ngosa

Ruashi, Lubumbashi
Tarehe 14 Septemba 2024

Mdogo wangu mpendwa Casimir,

Hujambo huko Montréal? Baridi imeshaanza kukuuma? Annie mkeo anaendeleaje na mgongo wake? Na watoto, bado wanakula bukari, ugali wetu, au mmeshawapoteza? Sisi tupo. Jua la Septemba linachoma, vumbi la njia ya mgodi linaingia hadi ndani ya sufuria, na magoti yangu yanalia kila nikiinama. Lakini napumua, Mungu asifiwe.

Utashangaa kupata karatasi. Simu siiamini tena, na sababu unaijua. Abigaïl, binti wa jirani yetu Huguette, anapanda ndege Luano Jumatatu kuja huko, basi nimempa bahasha hii aifiche katikati ya nguo zake.

Sasa tuongee. Nimesikiliza sauti uliyonitumia, mara mbili, nikidhani labda ni mtu mwingine anayefanana nawe sauti. Eti, "Yaya, dada yangu, umeaibisha familia, omba msamaha." Aka! Wewe Casimir! Wageni wakinihukumu kwa video ya sekunde ishirini, nitanyamaza. Lakini wewe uliyelelewa mgongoni mwangu?

Umeona mwanamke mwenye majivu usoni, amevaa aprini ya marehemu Mama Ngosa, ana samaki mkavu mkononi, anapiga kelele mbele ya jeneza. Chini wameandika, "Mama mulevi anatukana maiti." Mlevi! Mimi ambaye hata divai ya ushirika inanipa kizunguzungu.

Baridi imekufuta kichwa? Basi nikukumbushe. Ukoo wa Ngosa ni Mamba, wetu ni Samaki. Tangu mababu, kule Luapula, mamba na samaki ni banungwe, watani wa kilio. Tunatukanana bila kukasirikiana, na mmoja akifa, mwingine ndiye anayekwenda kumchokoza maiti mpaka wafiwa wacheke. Maana mfiwa asiyecheka hali, na asiyekula atamfuata marehemu. Mimi sikwenda kufanya vituko, nilikwenda kazini.

Baba alipozikwa, nani aliingia kaburini akalala humo, akakataa kutoka? Ngosa. Alisema samaki huyu amekauka mno, tumletee mwingine mwenye mafuta. Nani alicheka mpaka akashikilia toroli ya mchanga asianguke? Wewe. Na usiku ule ndipo mama alipokula mara ya kwanza tangu msiba. Hukuona aibu siku ile.

Miaka ishirini na sita tumekaa meza kwa meza pale sokoni, yeye na samaki wa moshi, mimi na sombe yangu, majani ya muhogo. Kila asubuhi alinianza yeye: "Edith, lelo nimeuzisha bandugu zako tatu, na kichwa moya nimetoa bure!" Nami papo hapo: "Uzisha tu, Mamba. Meno ilikwishaka, sasa uko unakula na mikono." Wateja walikuwa wanasimama kutusikiliza, wanasahau walichokuja kununua. Hata siku moja hakuna aliyemwacha mwenzake bila jibu.

Isipokuwa mara moja. Nilimpelekea uji hospitalini, wiki moja kabla hajatutoka. Alikuwa amebaki macho tu, ndugu yangu. Akanitazama, akasema: "Siku nitakufa, weye hapana kulia sana. Machozi yako inanukaka samaki, utaharibisha bantu bukari yabo."

Nilifungua mdomo, nikaishia kukoroga uji. Miaka ishirini na sita, na siku hiyo sikuwa na neno. Akacheka kidogo, akaniambia, "Nimekushinda." Nikamwambia, "Ngojea. Jibu nitakuletea ku kilio." Akasema, "Haya, nitangojea." Ndiyo ahadi niliyompa, Casimir, na ndiyo iliyonipeleka pale.

Lakini Michée, mtoto wake mkubwa, alikuwa ameandaa kilio cha kisasa. Programu imechapwa kwenye karatasi inayong'aa. Vijana wa protokoli wamevaa suti nyeusi na miwani. Wakubwa wake wa kazini kwenye viti vya mbele. Ushuhuda dakika tano, na jina langu halimo! Nikaingia hivyo hivyo. Nikasimama miguuni pa jeneza, nikamtupia: "Amuka, Mamba! Biashara iko inaharibika!"

Wazee wakaangua kicheko. Papa Laurent, mume wake, aliyekaa siku nne bila kula wala kusema, nilimwona mabega yanatikisika. Sasa nilikuwa nafika kwenye jibu lenyewe. Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Mara protokoli wawili wakanishika mikono, na Michée ananong'ona, "Mama Edith, hapa kuko bantu ba cheo." Wakanitoa hadi barabarani kama mwizi wa kuku. Mtoto niliyemfuta kamasi! Na jeneza likafungwa, likaenda, na jibu langu mdomoni.

Mwacha mila ni mtumwa, walisema wakubwa. Nilikasirika mpaka nikalia, na kulia kwenyewe kukaniuma zaidi, kwa sababu nilikuwa nalia bila kujibu.

Jumamosi iliyopita Papa Laurent akaja kwangu, na fimbo yake, amekonda. Akakaa, akakataa chai. Akasema Michée amemtuma: wanataka barua ya msamaha, isomwe mbele ya familia siku ya kuondoa kilio, la sivyo nisifike. Damu ikanipanda kichwani. Kabla sijasema kitu akaniinulia mkono: "Hiyo ni maneno ya mutoto. Miye nimekuja kwa jibu. Alinielezaka ulimwahidi. Ulitaka kumuambia nini?"

Nikasimama, Casimir, katikati ya nyumba yangu, kama vile yuko mbele yangu. Nikasema:

"Nitalia tu, tena nitalia sana! Samaki ikinuka, mamba anatokaka mu mayi."

Mzee alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. Halafu akalia, mimi nikalia, nyumba nzima ikanuka samaki. Alipomaliza kujifuta akauliza kama nina bukari. Akala sahani mbili na sombe.

Kwa hiyo barua ya msamaha sitaandika, na siku ya kuondoa kilio nitakuwepo, na aprini ile ile. Kama unataka kuniombea msamaha, niombee kwa Ngosa, kwa kuchelewa.

Nisalimie Annie, na Gaëlle na Dan, waambie ukoo wao ni nini kabla hawajazeeka. Julienne shemeji yako anawasalimu, na Papa Laurent pia. Mungu awalinde, awape riziki, na asiwanyime mtu wa kuwatania.

Dada yako akupendaye hata akikukasirikia,

Edith

Nimeisoma barua hii peke yangu kwa sauti kubwa mara mbili. Bado Mamba hajatoka majini.