Njiti Iliyokataa Kuzimika

Mdogo wangu,

Hapa nyumbani kumetulia. Shemeji yako ananicheka, eti siku hizi ndiye anayemaliza sentensi, maana mimi pumzi hunikatikia katikati ya ubishi.

Daktari anasema ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo mno, ambamo damu huchukua oksijeni na kuacha hewa chafu tuitoe nje. Vyangu vimejaa makovu ya vumbi la kiwanda chetu cha kusaga mawe, kilekile unachokitetea tangu wakufanye msimamizi.

Usinibishie. Washa njiti ya kiberiti, ishike shibiri moja kutoka mdomoni, kisha puliza bila kubana midomo. Isipozimika, acha kazi siku hiyohiyo.

Yangu iliniunguza vidole.

Kaka yako, mbishi