Kiti cha Mjomba Hutakikalia

Kaka yangu,

Shikamoo utanisamehe, leo sina. Ujumbe wako umenifikia hapa Runazi, kwamba umestaafu ukurugenzi wa makumbusho, na kwamba utakuja kumsimamia Jovita kwenye harusi yake kwa kuwa wewe ndiye mjomba. Mara ya kwanza niliusoma nikacheka. Mara ya pili niliusahau ugali jikoni ukaungua.

Watu wa mjini wanakujua kwa suti. Mimi nakujua kutoka kijijini kwetu Mugoma, ulipokuwa unafuga wadudu kwenye viberiti vya mama, mpaka asubuhi moja akafungua kimoja awashe moto, akatokewa na mdudu mwenye pembe. Baba akachukua fimbo. Mama akamzuia, "Mwache, kila mtu na ugonjwa wake." Nami nilikupenda kwa ugonjwa huo. Niliomba magazeti ya zamani ya kukaushia majani yako, nikayakalia kati ya mbao mbili ili yalale vizuri. Ulinifundisha kuandika kikaratasi cha kila mmea: jina, siku, mahali ulipotoka, nani aliuchuma. "Mmea usio na mahali ni kuni tu," ulisema, nami nikajiona msomi.

Kisha wakimbizi wakaja kutoka ng'ambo ya mpaka, wakapewa kambi karibu nasi. Wewe ulikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini vipindi vikiisha ulikuwa unazunguka vilimani ukitazama visiki, unarudi huli. Watu wale walihitaji kupika, na vilima vikabaki vitupu. Sikatai, ulikuwa na haki ya kuumia. Niliumia pamoja nawe.

Konsolata, mmoja wao, alikuja kwetu kuomba maji akiwa na Jovita mgongoni, akawa mtu wa nyumbani. Alimsaidia mama kupalilia maharage, jioni anarudi kambini na ndizi zake. Siku moja alitua mzigo wa kuni uani, akachomoa tawi lenye maua meupe.

"Mwarimu, na hii unayo?"

Hukuwa nayo. Ukamwuliza kalitoa wapi, akasita, maana lilitoka ndani ya msitu wa hifadhi, ambako kukata kuni kulikatazwa.

"Mimi ni ndugu yako, Konsolata. Sema tu."

Akasema. Nyuma ya mwamba mkubwa, kwenye kijito, wanawake wa kambini wanapopita asubuhi. Mimi nikiwa nimekalia mbao zako, uliandika kila neno. Halafu ukachukua maneno yale yale, ukayapeleka kwa walinzi wa msitu.

Walinzi waliwasubiri kijitoni. Wenye miguu mizima walikimbia, Konsolata alikuwa na kidonda. Asubuhi ile alikuwa amemwachia mama mtoto, amelala. Tulisikia kwamba alipakiwa kwenye lori akavushwa mpaka, basi, hatukusikia tena. Jovita nikamlea mimi, akaniita mama. Mama alikuuliza mbele yangu, "Ni wewe uliyesema?" Ukajibu, "Mama, msitu ukiisha haurudi." Mama akauliza, "Na mtu je?" Ukavaa viatu ukatoka.

Hazikupita wiki mbili ukadandia lori la mjini pale Lusahunga na ule mmea begini. Ndio uliokufungulia mlango wa makumbusho. Ulianza kwa kupanga makabati, ukaishia kwenye kiti cha mkurugenzi, na nasikia uliifanya kazi vizuri. Nilifika huko mara moja, wewe ukiwa safarini. Niliuona mmea nyuma ya kioo, na kikaratasi kinasema wewe ndiye uliyeuchuma. Nililitafuta jina la Konsolata mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Ulituma sare za shule za Jovita kila mwaka. Hukuuliza hata mara moja kama anauliza habari za mama yake. Nami nilizipokea sare, nikafunga mdomo, nikamwambia tu kwamba mama yake alirudi kwao. Hilo ni kosa langu na ninalibeba. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na harusi.

Jumapili, baada ya kanisa, tukimenya mihogo, nilimweleza yote. Kisu hakikusimama. Aliuliza jambo moja tu, kama mama yake alijua ni nani aliyesema. Nikamjibu sidhani, kwa sababu siku ile aliondoka amekuamini. Hapo ndipo alipokiweka kisu chini.

Unajua mila zetu. Mjomba hukaa kwenye kiti kando ya bibi harusi, na wakwe wakifika ndiye anayemshika mkono na kumtoa nje. Kiti hicho tumempa jirani yangu, mzee aliyemfundisha Jovita kuendesha baiskeli.

Usilete hotuba ya misitu. Najua miti ilikuwa inaisha. Ungeweza kwenda kwa walinzi bila kuwaonyesha njia ya mtu aliyekula kwetu, ungeweza kumwonya asipite huko tena, ungeweza mambo mengi, nawe una akili nyingi. Nimekuchukia miaka yote hii nikiwa nakusalimia.

Kwa upande wangu ningekuzuia usivuke hata barabara. Lakini harusi ni yake, na jibu ni lake. Nilimwuliza nikuandikie nini. Alifikiri mpaka mihogo ikaisha, kisha akasema, "Mwambie aje, ale, ashibe. Ila asinishike mkono."

Ni mimi,
Mama Jovita