Joto Tulilolipima Kando ya Barafu

Muscat, Jumatatu, Juni 2021. Miaka mitatu na miezi miwili tangu nitoke Kakamega.

Leo joto limeamka kabla yangu. Koo linaniuma. Naandika kwa simu nikiwa kitandani, kwa sababu nimeambiwa nisitoke humu chumbani.

Nilikuwa nisafiri keshokutwa.

Anayenisoma kwa mara ya kwanza ajue kazi yangu. Nalinda mlango na kupangusa mabenchi kwenye uwanja wa barafu, ndani ya jumba, katika nchi hii ya jua kali. Watu huja kucheza hoki, wanakimbizana kwa viatu vya chuma na magongo, wakikigombania kidude cheusi cha mpira. Tangu ugonjwa uingie, wanacheza kwa masharti. Kila mtu na chupa yake ya maji. Barakoa mpaka unapokanyaga barafu. Mchezo ukiisha hawapeani mikono, wanagonga magongo chini. Vile vidude navikusanya mimi na kuvitia kwenye beseni la dawa. Vyumba vya kubadilishia nguo vimefungwa, kwa hiyo wanavaa mapedi, zile kinga nene za mwilini, nje, kwenye maegesho, juani.

Ujinga wetu ulianzia hapo. Mtu aliyevaa mapedi juani mwezi huu, ukimwelekezea kipimajoto kwenye paji la uso, lazima kilie. Siku ya kwanza nilirudisha timu nzima. Bwana Nassor, msimamizi wetu, Mwomani ambaye wazazi wake walizaliwa Unguja, akanijia mbio.

“Wanjala, nani kakwambia weye daktari? Waweke bench dakika kumi wapoe, ndo uwapime.”

Benchi lenyewe liko kando ya barafu. Dakika kumi pale, hata sufuria ya uji inapoa. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyewahi kuwa na homa kwetu. Nimeandika thelathini na tano, thelathini na tano, ukurasa baada ya ukurasa. Kwa daftari langu, wale watu walikuwa nusu maiti.

Alhamisi alikuja kipa. Ni mtu mrefu, mpole, na katika wachezaji wote ni yeye tu anayenisalimia kwa jina. Nilimwona kwenye maegesho, jua la saa tisa, amevaa koti na anatetemeka.

Alikuwa anatetemeka kabla hajaifikia barafu.

Nilijua. Sikusoma sana, niliachia darasa la nane, lakini nimekulia kwenye malaria. Mtu mwenye homa namtambua hata akinipa mgongo. Nilimpima mlangoni, kipimo kikalia. Nikamkalisha kwenye benchi. Baada ya dakika kumi kikasema thelathini na sita. Nikaandika, akaingia.

Kwa nini? Likizo yangu ilikuwa imeahirishwa mara mbili, safari hii imekubaliwa, na pasipoti yangu iko ofisini kwa Nassor. Sikutaka kelele wiki ya mwisho. Sababu ni hiyo, sina nyingine.

Mapedi ya miguuni ya kipa ni manene kama magodoro. Akishayavaa hawezi kuinama, kwa hiyo Shabani humfungia mikanda. Shabani ni wa Tanga, anaendesha mashine ya kusawazisha barafu, na tunalala chumba kimoja hapa mtaa wa Ruwi.

Jana mchana habari zikaja: kipa ana korona. Wachezaji waliandikiwa wakae nyumbani, wajipime. Sisi tuliandikiwa tuje kuosha uwanja.

Jioni Shabani akaanza kukohoa.

“Vumbi la barafu tu, kaka.”

“Tangu lini barafu ikawa na vumbi?”

“Basi ni la blanketi lako, hulifui.” Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Kisha akanitazama. “Usinitaje mpaka ushapanda ndege. Ukinitaja mimi, na wewe huondoki.”

Alisema kweli. Mimi nilipimwa jana asubuhi kwa ajili ya safari, kabla ya habari za kipa, na leo cheti kimetoka: sina ugonjwa. Kimetoka wakati koo limeshaanza kuwasha. Nikampigia Nassor.

“Cheti safi unacho,” akasema. “Panda ndege mwanangu. Mie sijasikia kitu, na weye hujanambia kitu.”

Nadhani alitaka kunisaidia. Nadhani pia alitaka mtu wa daftari awe mbali.

Mama ana pumu. Binti yangu Neema alizaliwa nikiwa huku, ana miaka miwili na nusu, na kila jioni hulala kifuani kwa bibi yake. Angetoka mikononi mwangu kwenda pale.

Nikapiga namba ya watu wa afya. Nikasema yote: kipa, benchi, Shabani, koo langu. Mwanamke aliyepokea simu aliniuliza mara mbili, “Mlikuwa mnawapima kando ya barafu?” Nikasema ndiyo, mara zote mbili.

Tumefungiwa sote wawili. Shabani amegeukia ukutani. Anaogopa kufukuzwa, na siwezi kumwambia hatafukuzwa.

Kisha nikampigia mke wangu, nikamwambia siji.

“Nilishamsuka Neema nywele,” alisema. “Mama yako amesikia. Anasema ungekuja tu.”

Hilo ndilo limeniuma kuliko koo. Ningeenda na ugonjwa, mama angenipokea kwa mikono miwili. Sasa nimebaki, na nyumba nzima imenuna kana kwamba sikutaka kuwaona.

Kwenye kundi la simu la wachezaji, ambamo nami nimewekwa kwa ajili ya ratiba, mmoja ameuliza uwanja utafunguliwa lini. Wengine wamemtakia kipa nafuu, na mimi namtakia, sina kinyongo naye. Lakini hakuna aliyeuliza nani alimfungia mikanda.

Nassor ameniandikia kwamba nafasi nyingine ya likizo ni Septemba.

Mnaonisoma mkiwa nyumbani, Jumatano msiende kunipokea. Narudi Septemba, wiki ya pili. Neema msimwambie kwanza.