Moto wa Mizinga ya Baba

Ipuli, Tabora
14 Septemba, 1975

Dada yangu mpendwa Josepha,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na shemeji Ambrosi, na kwamba nyumba yenu ya kijiji kipya imeshapata paa. Sisi hatujambo, ila tumbo langu linazidi kunitangulia mlangoni. Wanafunzi huliona kabla hawajaniona mimi.

Wiki iliyopita walimu wa shule yetu tulikwenda kutembelea pori la akiba la Ugalla, kule kule baba alikotundika mizinga yake ya nyuki. Mwalimu mkuu alisema haifai mwananchi kuwaachia Wazungu peke yao kuitazama nchi yake. Tukabadilisha treni Kaliua, tukashuka kituo kidogo njia ya Mpanda. Dada, nimeona viboko wamejilaza mtoni kama mawe yaliyopakwa mafuta, na palahala dume, mweusi, pembe zimepinda kuelekea mgongoni. Nilimkimbia pia nyati ambaye baadaye alionekana ni kichuguu. Mwalimu Kuluthumu sasa ananiita Bwana Kichuguu mbele ya wanafunzi.

Na askari wa pori aliyetuongoza ni nani? Shilinde! Mchumba wako yule ambaye baba alimrudishia posa baada ya mizinga arobaini kuungua. Ana mvi, anachechemea kidogo, na bado anacheka kwa mabega. Alinikumbatia, akaniuliza kama chakula chote cha Tabora wananipa mimi. Akakuulizia na wewe, kwa heshima, mara moja tu.

Kabla ya kuingia porini alituonya juu ya moto, akatueleza kisa ambacho huwaeleza wageni wote. Alisema mwaka 1953 alipanda mti kurina asali, akawafukiza nyuki kwa mwenge wa magome, kisha akaushusha kwa kamba kwa mwenzake aliyekuwa chini, aufukie. Mwenzake akaufukia vizuri. Basi moto ule uliounguza mizinga, alisema, lazima ulitokana na cheche alizodondosha yeye. Na kwa desturi ya warina asali, aliyepanda ndiye anayeulizwa. Akanishika bega, akawaambia walimu kwamba mwenzake huyo ni mimi, shahidi wake. Wakampigia makofi kwa ukweli wake.

Na mimi nikapiga.

Dada, sikuufukia. Nyuki waliniuma shingoni, nikautupa kwenye nyasi kavu nikakimbia. Aliposhuka akaniuliza kama nimeufukia, nikasema ndiyo. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nikimwogopa baba kuliko Mungu. Wewe ukalia nyuma ya ghala siku nyingi, mimi nikawa nakuletea maji ya kunawa uso, nimenyamaza.

Sisemi kwamba shemeji si mtu mwema. Ananizidi mimi kwa mbali. Lakini uongo wangu ndio uliokukatia njia, na ulistahili kujua. Kumwambia shemeji au kutomwambia ni juu yako.

Jumamosi napanda treni tena, peke yangu. Nitamwambia Shilinde, na akikubali nitawaambia na wageni nitakaowakuta. Nakuomba usinijibu kabla sijarudi. Ukinisamehe mapema, najijua, nitapata sababu ya kutokwenda.

Mama mkubwa Veneranda mwambie dawa yake ya kifua nimempa dereva wa ushirika. Wasalimu wote wanaoniulizia, na wasioniulizia pia.

Ni mimi mdogo wako,
Anselm