Elia Akikuamkia Amesimama

Baba Elia, mume wangu,

Nakusalimu sana huko Mgori. Kifua kimeachia? Ndege wamekubakizia alizeti? Mimi huku Dodoma mzima, ila shingo imekaza kwa kulala kwenye kiti wodini. Simu uliikata kwa hasira uliposikia neno mpira, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mwandiko wangu wa darasa la tatu unaujua, vumilia.

Mtoto wetu Elia kaumia vibaya. Kila Jumamosi wanacheza na wenzake wa kazini ndani ya ukumbi, sakafu inateleza kama sahani yenye mafuta. Nikamwuliza, "Mnacheza mpira ndani ya nyumba, mliogopa mvua?" Akacheka, halafu akalia, maana kucheka kunamchoma nyongani. Alikuwa anakimbilia mpira, mwenzake akamwangukia kwa nyuma, wakaenda wote mpaka ukutani. Huku kwetu angeangukia mchanga, akajipangusa. Ukuta haukumhurumia.

Wenzake wakasema ameteguka. Si unajua watu tulivyo: mmoja akamshika makwapani, mwingine akavuta mguu, wa tatu akaagiza maji ya moto amkande. Kumbe mfupa wa paja umechomoka nyongani na umevunja mfupa wa nyonga pale unapokaa. Daktari, binti mdogo tu, aliposikia walivyomvuta alifumba macho. Akaniambia, "Mama, akivutwa tena anaweza asitembee."

Baba Elia, ujumbe wako kwamba nimlete kwa mzee wetu wa mifupa niliupata. Mzee yule namheshimu, mkono wangu aliunyoosha yeye. Lakini nimekataa. Nimekataa bila kukuuliza, na wewe ndiye baba. Nilimwogopea mtoto kuliko nilivyokuogopa wewe.

Wamempasua, wamemfunga vyuma. Jana kasimama kwa magongo, nimemshika kiuno kama siku zile anasimama dede. Jasho linamtoka, ananiuliza, "Mama, Baba bado amekasirika?"

Nikasema, "Baba yako yuko shambani anafukuza ndege."

"Mama, ndege hawafukuzwi mpaka usiku."

Nikampangusa jasho, nikamrudisha kitandani.

Sasa sikia. Akiruhusiwa nataka nije naye nyumbani. Daktari kakataza kuchuchumaa na kukaa chini, goti lisipande juu ya nyonga. Nikawaza choo chetu, nikawaza na vigoda vyetu. Lakini Elia anawaza jingine. Kwetu kijana akifika mbele ya baba yake anakaa kwanza kwenye kigoda ndipo anaamkia. Anasema, "Nitamsimamia Baba kichwani kama askari? Atajua nimemdharau. Bora nibaki huku." Na huku, Baba Elia, ni chumba kimoja, hana mke wala wa kumtilia maji ya kuoga. Nikiondoka atachuchumaa tu, hicho chuma kitang'oka.

Kwa hiyo nakuomba, mwambie fundi akate tundu kwenye kiti kile kibovu, kiwe cha chooni. Na kile kirefu cha wageni kiweke mlangoni, awe anakaa hapo.

Nisalimie mama mkwe, mwambie dawa yake ya macho nimeipata. Nisalimie na wifi yangu anayekupikia, asikuzidishie chumvi.

Elia akifika akakuamkia amesimama, mwitikie, mume wangu. Na moyo ukigoma kumtazama kutokea chini, basi inuka na wewe, muwe sawa.

Ni mimi mkeo ninayewawaza wote wawili,
Mama Elia