KIKAO CHA DHARURA KUHUSU NYAYA ZA DOKTA KOKUBANZA

CHAMA CHA KUZIKANA TUSHIKANE, MIEMBENI, BUKOBA

Tarehe: Jumapili, 16 Machi 2025, baada ya ibada
Mahali: Uani kwa Mwenyekiti

Waliohudhuria: Ndg. Gozbert Mujuni (Mwenyekiti), Ndg. Ildefons (Mweka Hazina), Bi. Alistidia (Katibu), Bi. Klaudia, mke wa Mwenyekiti (Mkuu wa Jiko); Bi. Benigna na akina mama wote wa jiko.
Mwalikwa: Dkt. Kokubanza Kamala, mtafiti.
Wasiohudhuria: Bi. Consolata (anauguza mgonjwa huko Kemondo, alitoa taarifa). Ndg. Burhani (hakutoa taarifa, kama kawaida yake).

KUMB. NA. 1/3/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala fupi, akasema hataki kelele. Kelele zilianza papo hapo.

KUMB. NA. 2/3/2025: MALALAMIKO YA MWENYEKITI
Mwenyekiti alieleza kwamba kila Jumamosi Dkt. Kokubanza huwakusanya akina mama wa jiko uani kwake, akawabandika nyaya mikononi na kuwaambia wamenye ndizi. Alisema amesikia nyaya hizo zinanyonya nguvu. Alipoulizwa amesikia kwa nani, alisema "watu". Alihoji huyu ni daktari gani asiye na sindano wala hata panadol, asome mpaka ng'ambo kisha arudi kuchungulia watu wakimenya ndizi.

Aliongeza kwamba Bi. Benigna ndiye ushahidi. Mkono wake wa kulia unatetemeka akiwa amekaa tu, lakini misibani akishika kisu mkono unatulia na anamenya vizuri kabisa. Kwa hiyo ama ni nyaya, ama ni maigizo ya kukwepa kuchota maji. Mweka Hazina aliunga mkono, akasema na yeye aliona kwa macho yake.

Bi. Benigna alisema, "Mawe, mama yangu! Nijitetemeshe ili nipate nini, Gozbert?" Aliambiwa asubiri zamu yake.

KUMB. NA. 3/3/2025: MAELEZO YA DKT. KOKUBANZA
Dkt. Kokubanza alipiga goti, akamwamkia Mwenyekiti kama inavyotakiwa. Kisha alisimama, na hakukaa tena.

Alieleza kwamba nyaya hazinyonyi kitu wala haziingizi kitu. Zinasikiliza tu misuli inavyoitika ubongo unapoiamuru. Kazi yake ya miaka yote ni hiyo, kujua amri inavyotoka kichwani hadi kidoleni, na inakopotelea mtu akiugua. Huko ng'ambo alikuwa akipima wanafunzi wakifinya mpira. Alipoomba kupima watu wakimenya ndizi, mkuu wake alicheka, akamwambia hayo ni mambo ya jikoni.

"Nikafunga virago," alisema. "Mama zangu hapa walishika kisu kabla ya kushika kalamu. Mkono wa namna hiyo ukianza kuugua, nataka niuone mapema."

Kuhusu Bi. Benigna, alisema upo ugonjwa wa ubongo ambao mkono hutetemeka ukipumzika na kutulia ukianza kazi. Alichokiona Mwenyekiti alikiona sawasawa. Kosa lake ni kumwita mama wa watu mwongo. Alisema, kwa ruhusa ya mwenyewe, kwamba alishampeleka hospitali na dawa ameanza.

Bi. Benigna alilia. Katibu ameona ni haki liandikwe.

KUMB. NA. 4/3/2025: AMRI YA MWENYEKITI
Mwenyekiti alisema hakuitisha kikao ili afundishwe. Alimtaka Dkt. Kokubanza aache kazi hiyo. Dokta alijibu, "Siachi." Alitakiwa tena, akajibu vilevile. Alisema akina mama wakikataa, utafiti wake umekufa leo, maana hana mikono mingine. "Lakini wakatae wenyewe, Mzee. Usiwakatalie wewe."

Mwenyekiti aliamuru kwamba atakayebandikwa nyaya tena amejitoa chamani. Siku akifa, chama hakitachimba kaburi wala kupika.

Hilo si jambo la mchezo, na kila mmoja alijua.

Bi. Benigna alisimama wa kwanza. Alisema mkono ni wake na kifo ni chake. "Mnizike, msinizike, Jumamosi naenda." Akatoka. Akina mama wa jiko walimfuata, mmoja mmoja, kisha wote. Bi. Klaudia naye aliinuka. Mwenyekiti alimwita kwa jina. Alijibu kwamba chakula cha mume wake kipo jikoni, hakijamenywa.

KUMB. NA. 5/3/2025: KUFUNGA
Mweka Hazina aliuliza, kwa sauti ndogo, msiba ukitokea kesho nani atamenya. Mwenyekiti alitangaza kikao kimefungwa saa kumi jioni, mbele ya Mweka Hazina na Katibu.

Mwenyekiti: Gozbert Mujuni (amekataa kusaini)

Katibu: Alistidia (amesaini)

Kumbukumbu hizi zimenakiliwa Jumamosi, 22 Machi 2025, uani kwa Dkt. Kokubanza. Wajumbe wausamehe mwandiko: mkono wa kulia wa Katibu umebandikwa nyaya.