Tangazo la Misa ya Mzee Loughran

Jumanne, 4 Oktoba

"Mtaa wa Chapel wote unajua nani aliyetega bomu lile. Ukimya wao ndiyo kura yao." Diwani Mervyn Kilfedder, wa Waprotestanti, redioni, kabla sijamaliza uji wangu.

Uongo! Nitamjibu kifungu kwa kifungu.

Kwanza: gari la Eunan Loughran lilipolipuka jana asubuhi, nani alikimbilia pale? Mtaa wa Chapel, mtaa wetu Wakatoliki. Mzee wa nyumba ya pili alimfunga paja kwa mkanda wa suruali yake mwenyewe. Wanawake walitoka na mablanketi, mmoja ana rola za nywele kichwani. Eunan ni polisi, ndiyo — polisi Mkatoliki, kazi ambayo wengine wetu huiita usaliti, mtoto wa mtaa huu, mwanafunzi wangu wa historia — na hakuna aliyeuliza habari za kazi yake alipokuwa akilia kwenye lami.

Pili: "wao". Miaka thelathini Kilfedder anasema "wao". Mprotestanti akiua, ni mhalifu mmoja. Mkatoliki akiua, ni mtaa mzima!

Hospitalini wameukata mguu wa kulia wa Eunan chini ya goti. Ana miaka ishirini na sita.

Mhariri wa gazeti anataka safu yangu iwe maneno mia nane. Nitampa elfu.

Jumatano, 5 Oktoba

Kikao cha baraza. Watu hadi kwenye ngazi. Diwani wetu Tierney akasoma karatasi ya kulaani. Naijua karatasi ile: hubadilishwa jina na tarehe tu. Hata neno "polisi" lilimkwama kooni, akasema "vyombo husika". Kilfedder akasimama: karatasi hiyo ikafungiwe chipsi. Anayelaani awaambie watu wake waseme walichokiona.

Nikashindwa kujizuia. Nikapaza sauti kutoka viti vya wananchi: taja basi majina, kama unajua sana!

"Mimi siishi huko, Mwalimu," akasema. "Wewe ndiye unayeishi."

Wakacheka. Hata wa kwetu!

Nilimfuata kwenye korido nimwongezee. Alikuwa anafunga vifungo vya koti. Aliongea bila kelele, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kaka yake naye alikuwa polisi. Walimpiga risasi mlangoni kwa shangazi yao, mahali alipokwenda mara moja tu kwa mwaka.

"Nani alifyatua, nimeacha kuuliza," akasema. "Nataka kujua nani aliwaambia siku atakayokuwa pale."

Akashuka ngazi kabla sijamjibu. Mimi! Jibu nitalipata.

Alhamisi, 6 Oktoba

Kwa Philomena, mama yake Eunan. Mjane wa mwezi mmoja. Chai, na keki ya matunda iliyobaki Jumapili, misa ya kutimiza mwezi tangu mumewe azikwe. Nusu ya parokia tulikwenda kula kwake baada ya misa ile.

Anasema kila asubuhi Eunan hupiga magoti aangalie chini ya gari kabla ya kuliwasha. Miaka minne, mvua au theluji. Lakini Jumatatu majirani walikuwa wamesimama milangoni kumuaga.

"Aliona haya, Dympna. Aliniambia, mama, nikipiga magoti mbele ya watu walionilea, watadhani nawashuku. Akawapungia mkono. Akaingia."

Niliweka kikombe chini.

Akaendelea: tangu avae sare hakuwahi kulala nyumbani pale. Jumapili ilikuwa mara ya kwanza. Walijuaje?

Kwenye fremu ya picha ya mumewe amechomeka tangazo la misa, kalikata gazetini. "Mjane wake na wanawe wote wanawaalika…" Niliandika mimi. Kwenye meza yangu ya jikoni, kwa sababu Philomena alisema mimi ndiye mwenye maneno.

Nilikula kipande cha pili cha keki nisije nikasema kitu.

Ijumaa, 7 Oktoba

Si tangazo lililowaambia. Tangazo halikusema kama atalala.

Siku nilipoliandika, Malachy, mume wa dada yangu, alikuwa chini ya sinki langu akitengeneza bomba. Nikamsomea, maana napenda kusifiwa. "Wanawe wote?" akasema. "Hata yule polisi?" Hata yule! Atalala kwa mama yake, nikamwambia, aondoke Jumatatu saa moja asubuhi. Saa hakuiuliza. Nilimpa tu.

Nimetoka kwao sasa hivi.

"Ulimwambia nani?"

"Nini?"

"Unajua nini, Malachy."

Akaendelea kupaka mkate siagi. "Watu huongea, shemeji. Baa watu huongea."

"Baa ulimwambia nani?"

"Una maswali kama ya hao marafiki zako wapya wenye sare."

Hakukana. Nilimngoja akane! Dada yangu Attracta akaufunga mlango wa jikoni kwa mgongo wake.

"Krismasi ishirini unakula kwenye meza hii," akasema. "Ukimtaja, polisi watamchukua. Akiongea huko, wale wa bomu watamuua. Niambie, msomi, mimi nibaki na nani?"

"Mwache," Malachy akasema. "Ataandika tu. Dympna huandika."

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimemaliza safu ya kumchana Kilfedder. Nzuri sana. Labda nzuri kuliko zote. Nimeichana.

Tierney kapiga simu. Anaomba nisitikise mambo wiki hii. "Tusubiri hali itulie, Mwalimu." Nina miaka hamsini na tatu na haijatulia.

Kuna namba ya simu ya polisi, mtu hasemi jina lake. Hapana. Nitadaije jina la mwingine nikificha langu?

Jumapili, 9 Oktoba

Misa. Padri akawaombea "wote wanaoteseka". Wote! Eunan hakutajwa. Philomena alikuwa safu ya pili, kichwa juu.

Tulipofika kupeana mkono wa amani, Attracta aliwapa wa mbele, akawapa wa nyuma. Mimi niliyekuwa kando yake aliniruka. Malachy alinipa. Akanishikilia kuliko desturi, midomo ikacheza, kisha akaniachia.

Anaogopa. Mimi pia. Kesho.

Jumatatu, 10 Oktoba

Saa moja asubuhi, wiki moja kamili tangu bomu. Nimepiga magoti nyuma ya gari langu, sketi yangu nzuri kwenye maji ya mvua, nikaangalia chini. Polepole. Milango yote wazi, watu wanachukua maziwa.

"Umeangusha kitu, Mwalimu?" mmoja akauliza.

Nikamwambia ninachotafuta. Akaingia ndani.

Sasa niko kituo cha polisi. Mara ya mwisho nilikuwa nje ya geti hili, na bango la kuwapinga. Msichana wa kaunta kaniuliza nimekuja kwa jambo gani. Misa, nikasema. Akainua macho. Kisha akauliza jina langu kamili. Nikampa herufi kwa herufi, kwa sauti ya darasani, na mtu aliyekuja kuripoti baiskeli akageuka kuniangalia. Kesho mtaa mzima utajua. Sawa.

Attracta kapiga mara sita. Simu inatetemeka kwenye mkoba sasa hivi — ya saba. Nikipokea nitarudi nyumbani. Sipokei.

Wanatafuta chumba. Wakati nangoja naandika safu mpya. Mhariri akiikataa nitaibandika kwenye mlango wa kanisa. Kilfedder hayumo. Inaanza hivi:

Nyinyi mliokuja misa ya mzee Loughran, mkala keki ya Philomena, mkamwona Eunan akiingiza begi la kulalia. Mliomwambia mtu. Mlioulizwa na mtu. Mliosikia baa nani alikuwa anauliza. Mimi nilimwambia mmoja, na leo natoa jina lake pamoja na langu. Njooni na nyinyi. Si kwa simu. Mchana, kwa mlango wa mbele, majirani wakiwaona.